Darubini ya Kutazamia Ndege

Zamani wataalamu waliotaka kumjua ndege walimpiga risasi kwanza, kisha wakamchunguza mkononi akiwa amekwisha kufa. Siku hizi apendaye ndege aweza kumjua akali hai mtini pake, kwa msaada wa darubini ya macho mawili. Lakini si darubini zote zifaazo kazi hiyo, na mwenye fedha kidogo akikosea kuchagua, fedha imekwenda na ndege hakumwona.

Juu ya kila darubini pana tarakimu mbili, kama 8 × 42. Ya kwanza yaonyesha kitu kitakuzwa mara ngapi: ndege aliye mbali mita 80 ataonekana kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo kipana huingiza nuru nyingi.

Wengi huitazama tarakimu ya kwanza peke yake, wakadhani iliyo kubwa ndiyo bora. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Darubini ikuzayo mara 12 hukuza na mtikisiko wa mikono pia, hata ndege asitulie machoni. Tena eneo ionyeshalo huwa jembamba, na ndege arukaye hupotea upesi.

Mahali napo pana neno lake. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na pwani ya Kenya, majani huzuia jua, na chozi wa Amani, ndege mdogo sana, hula juu vileleni. Humo yafaa 8 × 42. Penye ziwa la Nakuru ni peupe, na heroe husimama mbali. Huko 10 × 42 yaweza kufaa. Mdomo ukiwa mwekundu wa giza, ndiye heroe mdogo. Ukiwa wa waridi wenye ncha nyeusi, ndiye heroe mkubwa.

Kabla ya kununua, mwenye busara huitundika darubini shingoni kwa muda, apate kuujua uzito wake. Huligeuza gurudumu la katikati mpaka aone vema kwa jicho la kushoto, kisha hurekebisha upande wa kuume. Akiona vitu viwili badala ya kimoja huirudisha, hata ikiwa bei ni rahisi, kwa maana itamwumiza kichwa.

Wala haielekezi juani kamwe, kwa kuwa mwanga uliokusanywa na vioo waweza kupofusha jicho mara moja, na hakuna duka liuzalo jicho jingine.