Taa kama Chambo: Safari ya Usiku Kirotshe

Msafiri atokaye Goma kwa barabara ya taifa namba 2 huvuka ardhi nyeusi ya mawe ya volkeno hadi Sake, kisha hushika njia ya kusini, milima ya Masisi ikiwa kuume kwake na Ziwa Kivu kushoto, mpaka afike Kirotshe. Akitarajia kukuta chambo bandia, yaani samaki wa mti, chuma au plastiki, atakuta badala yake ndoano chache zenye minyoo, kwa maana chambo kikuu cha ziwa hili ni taa.

Sababu yake ni sambaza, samaki mdogo aitwaye na wataalamu Limnothrissa miodon, ambaye aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mnamo 1959, kwa kuwa maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula zooplanktoni, viumbe wadogo mno waeleao majini. Mchana viumbe hao hushuka kwenye giza la kina, na usiku hupanda juu, ambako mwanga huwakusanya na sambaza huwafuata.

Jua linapozama, safari huendelea majini, katika chombo cha mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukining'inia kati yake, na wavuvi wakiimba ili makasia yaende kwa pamoja. Wafikapo mahali palipochaguliwa, wavu huteremshwa, taa hubaki zikiwaka juu yake hadi kundi likusanyike, ndipo kamba zivutwe.

Uchaguzi wa taa hiyo unastahili kutazamwa kwa makini, kwani karabai, taa ya mafuta yasukumwayo kwa pampu, hula fedha kila usiku na huweza kuzimwa na upepo au mvua, ilhali taa za LED, ziendeshwazo kwa betri au nguvu ya jua, hustahimili hali hiyo ingawa bei yake yote hulipwa mwanzoni. Hata hivyo hakuna taa ishindanayo na mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu mwanga hutapakaa ziwani kote, samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, na kazi husimama kwa siku kadhaa.

Kina nacho hutoa hukumu yake. Ziwa Kivu hufikia mita 485, lakini oksijeni hupatikana katika mita 60 hivi za juu tu, na chini yake mna gesi za kaboni dioksidi na methani. Katika ghuba ya Kabuno, jirani na Kirotshe, tabaka lenye oksijeni ni la mita 11 hivi, hivyo sambaza ana nafasi finyu zaidi ya kuishi, hata taa iwe kali namna gani.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba mwanga haubagui umri. Sambaza huzaliana karibu na ufuko, na vifaranga vyake hukulia hapohapo. Kwa hiyo taa iwashwayo karibu na nchi kavu, juu ya wavu wa matundu madogo, au juu ya chandarua cha mbu, huwavuta samaki ambao bado hawajazaa hata mara moja, na mvuvi anayejali ziwa hupiga kasia hadi maji ya kina kabla ya kuwasha.