Kitovu cha Gurudumu

Katika mji wa Bariadi, ulio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012, palikuwa na kijana aliyeachiwa na baba yake pikipiki kuukuu, Honda CG125. Pikipiki za namna hiyo zilianza kuundwa Japani mwaka 1976, nazo zilikusudiwa hasa nchi zenye barabara mbaya. Kwa hiyo injini yake haina mambo mengi. Injini ya kijana ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma. Kila alipopita penye mawe gurudumu liliyumba, na cheni ikagonga.

Akaenda kwa fundi mzee. Walipokwisha kuamkiana, mzee alishika gurudumu kwa juu akalisukuma huku na huku, likacheza. Akalifungua.

Sasa jua habari ya kitovu, ambacho mafundi hukiita habu. Ndicho kishikacho spoki zote, na ndani yake mna beringi mbili, moja kila upande, na bomba fupi katikati ili nati ikikazwa isizibane beringi. Pete ya nje ya beringi haina ruhusa kuzunguka. Yapasa ishikwe sana na kitovu. Lakini beringi ya kijana ilikuwa imekauka grisi kwa vumbi na maji ya mito, ikakwama. Basi pete yake ikazunguka mahali pake. Kitovu ni cha alumini, nayo ni laini. Chuma kikaila kidogo kidogo. Beringi mpya ilipotiwa, iliingia kwa kidole tu, ikalegea.

Kijana akasema, "Baba, tukate bati la mkebe, tulizungushie beringi, ibane. Msimu wa pamba umefunguliwa, na watu wananingoja niwachukue."

"Litabana leo, mwanangu," akajibu mzee. "Likisagika njiani, nani atakuwa amekaa nyuma yako?"

Kijana akanyamaza, maana abiria wake wengi ni akina mama wenye watoto mgongoni. Hila ya bati hupendwa kwa kuwa ni rahisi. Huweza kufaa toroli. Gurudumu lenye kubeba watu halifai.

Spoki zikatolewa, kitovu kikapelekwa kwa mkereza vyuma. Huyo alikifunga katika mashine akakipima kwa ukuta wa ndani wa breki, wala si kwa tundu lililoharibika. Maana tundu likikerezwa upande, breki itashika mara na kuachia mara. Akalipanua mpaka likawa duara kamili, kisha akachonga pete ya chuma iliyozidi tundu kwa sehemu 5 tu katika 100 za milimita moja.

Pete kubwa itaingiaje katika tundu dogo? Kwa moto. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu lenye upana wa milimita 40, likizidishiwa joto kwa nyuzi 100, hupanuka sehemu 9 hivi katika 100 za milimita. Basi kitovu kilitiwa katika tanuri ya mwoka mikate, ambaye alicheka sana kuona mkate wa namna ile. Kilipotolewa, pete baridi ilitumbukia yenyewe, na kitovu kilipopoa kikaishika. Ndipo mkereza alipoichonga ndani kwa kipimo cha beringi.

Mzee aliziingiza beringi akizigonga kwenye pete ya nje peke yake. Ukigonga ya ndani, gololi huumia kabla ya safari ya kwanza. Lile bomba alilirudisha kabla ya kutia beringi ya pili. Akatia grisi, akasuka spoki, akanyoosha rimu.

Siku mbili zilipita, na fedha ya siku mbili ilipotea. Kijana alilizungusha gurudumu kwa mkono, likaenda kimya. Akauliza bei, akalipa nusu, nusu akaiahidi baada ya pamba. Mzee akakubali, ila akamwamuru arudi siku ya tatu, spoki zikazwe tena, kwa kuwa zilizosukwa upya hulegea.