"Fine" haina ila

Leo tumelishika neno moja la Kiingereza, "fine", ambalo shuleni tuliliitikia darasa zima kwa sauti moja tulipoulizwa hali.

Mchanga laini ni "fine". Uzi mwembamba, siku isiyo na mvua, ushoni uliotulia, vyote "fine". Ukivunja sheria unatozwa hiyo hiyo, sisi tukaiita faini. Asili yake ni Kilatini, finis, yaani mwisho. Faini ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. Na Uingereza, ukikaribishwa chai ukajibu "I'm fine", umeikataa. Mgeni wa kwetu anadhani amejibu salamu, kumbe chai imeshampita!

Linalotushughulisha zaidi ni lile la kujibu hali. Kwetu mtu atasema "nzuri", utamuuliza za nyumbani, za watoto, halafu ndipo litoke: "ila mgongo, mwenzangu, siku ya nne leo silali." "Fine" haina ila. Ikishasemwa, mazungumzo yamekwisha.

Kwa hiyo dada zetu mnaojifungulia Uingereza, mkunga akija nyumbani siku za mwanzo akakuuliza hali, usimjibu "fine" kwa kuona haya. Hakusalimii tu huyo. Anataka kujua damu, homa, maziwa, usingizi, na kama unajikuta unalia peke yako. Mwambie. Kiingereza kikigoma, omba mkalimani. Hospitali za serikali kule hazimtozi mgonjwa kwa hilo, wala si lazima mumeo ndiye akutafsirie.