Kandili Moja, Sinia Moja

Ukiliacha soko la Darajani mgongoni ukaingia uchochoro wa kuelekea Mkunazini, harufu ya samaki hukufuata kwa hatua kadhaa, kisha hukukabidhi kwa harufu ya bizari na mdalasini ya duka la pembeni, na kutoka hapo waweza kufumba macho ukatembea kwa pua. Nyumba ya kwetu haikuwa mbali. Ingia, mlango uko wazi. Ulikuwa haufungwi mpaka baada ya Isha. Inama kidogo, boriti ya ukumbini imeshuka. Pita kwenye ubaridi wa kuta za mawe na chokaa, utokee uani. Bibi yuko pale pale, amekalia mbuzi ya kukunia nazi, kanga moja kifuani na ya pili kichwani. Kifuu kinazunguka mkononi mwake na nazi inamwagika bakulini: kwaru, kwaru, kwaru. Usimsemeshe kwanza. Akikuna nazi husoma uradi wake kimyakimya, na midomo ndiyo itakayokuambia lini amemaliza.

Tumefika siku za Disemba 2009. Tarehe 10 ya mwezi ule umeme ulikatika Unguja nzima, na nyumbani hakuna aliyeshtuka. Umeme wetu huja kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka bara na kuibukia Fumba, na mwaka uliotangulia tulishakaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme, tukapona. Safari hii zikapita siku, zikawa wiki, ukaingia mwaka mpya, na taa hazikuwaka mpaka Machi. Miezi mitatu. Nilikuwa na miaka 14. Tulikuwa watu tisa chini ya dari moja: Bibi, Baba na Mama, Ami ambaye alikuwa bado hajaoa, Shangazi na wanawe wawili, mimi, na mdogo wangu wa miaka mitano.

Kabla ya hapo, tulikuwa tunakaa pamoja lakini hatuli pamoja. Friji ilisimama ukumbini juu, nayo ndiyo iliyotupangia maisha. Mama alipika asubuhi, akapakua kwenye vibakuli, kila mtu akajua chake. Baba alikula akirudi kazini, mbele ya televisheni. Ami alikuja usiku wa manane, akapasha mchuzi, akala amesimama. Shangazi aliwalisha wanawe chumbani kwake. Bibi alikula peke yake baada ya Magharibi, sahani juu ya mapaja, akitazama mlango. Friji hiyo pia ilikuwa kazi ya Mama: aligandisha barafu za ukwaju na za embe kwenye vifuko, akawauzia watoto wa chuoni kupitia dirisha la chini, na fedha zake zilinunua daftari zetu.

Siku ya pili barafu zikayeyuka. Mama alifungua dirisha akawaita watoto waliokuwa wakirudi chuoni na misahafu yao, akawapa vifuko vyote bure, na mpaka leo nikionja ukwaju nawaona wale watoto wamejipanga ukutani, vidole vyekundu, wanafyonza haraka haraka kabla haijawa maji matupu. Siku ya tatu tulipika kila kilichobaki: changu wawili, nyama ya ng'ombe, kamba waliokuwa wamewekewa wageni. Nyumba zote za uchochoro zilifanya vivyo hivyo, kwa hiyo jioni ile tulipelekeana mabakuli mpaka hatukujua tena bakuli lipi la nani. Kisha Mama aliifuta friji ndani kwa kitambaa chenye ndimu, akaiacha mlango wazi. Hakusema neno. Alikaa muda mrefu kwenye ngazi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Bibi chini ya ngazi ametoa seredani mbili zilizoota kutu, anazisugua kwa makumbi. Moja ilikuwa imetoboka kitako. "Hii nyingine inatutosha," akasema. Mkaa ulikuwa unapanda bei kila wiki, maana kila aliyekuwa na jiko la umeme sasa alikuwa anatafuta mkaa. Basi likawa hivyo: moto mmoja kwa siku, chungu kimoja, na anayetaka kula awepo kinapoteremshwa chini.

Mimi ndiye niliyekuwa nikienda naye sokoni, baada ya Alasiri. Samaki wa jana hakuwepo tena. Hakukuwa na pa kumuweka, kwa wauzaji wala kwetu. Tulitembea taratibu kwa sababu ya magoti yake. Darajani ilikuwa inanguruma kwa jenereta, moja kila mlango wa duka, moshi wake umechanganyika na harufu ya mafenesi na maembe ya msimu, na Bibi akipita alijifunika pua kwa ncha ya buibui. Ndani, kwenye sakafu yenye maji, mnada ulikuwa umeshakwisha na wachuuzi walitaka kumaliza kilichobaki mezani. Alipita mbele ya nguru na kolekole bila kusimama. Alisimama kwa vibua. Alimnyanyua mmoja kwa mkia, akamtazama usoni. "Samaki asiyekutazama, na wewe usimtazame," aliniambia, akamrudisha, akachagua mwengine mwenye jicho linalong'aa. Siku nyingine ilikuwa dagaa, fungu moja na nyongeza ya kiganja. Wakati mwengine jodari mdogo alipokuwa rahisi, alimpasua, akamtia chumvi na manjano, akamuanika juu ya paa tupate ng'onda wa siku za mbele, na kazi ya mdogo wangu ikawa kukaa kivulini na ufito, kufukuza paka na kunguru.

Nataka ukae nami kwenye mseto, kwa sababu ndicho chakula cha miezi ile, na kwa sababu naamini hakuna chakula cha nazi kilicho rahisi kuliko hicho na kinachompendeza mzee na mtoto kwa pamoja. Choroko zililala majini tangu alfajiri. Adhuhuri mimi na binti wa Shangazi tulizifikicha kwa viganja mpaka maganda ya kijani yakaelea, tukayamwaga, tukafikicha tena. Bibi alizichemsha mpaka zikapasuka, ndipo akatia mchele uliochaguliwa na kuoshwa, chumvi, na tui jepesi. Tui zito lilikuwa limekaa pembeni, limefunikwa na kawa, linasubiri. Mwiko ulizunguka polepole, ukigusa kitako kila mara, maana choroko hazisamehe. Zikishika chini, chungu kizima kinanuka moshi. Uji ukianza kufurukuta na kurusha matone, akamimina tui zito, akapepea moto mara mbili tatu, kisha akachota makaa mengine akayapanga juu ya mfuniko. Hapo aliniambia niache kuchungulia. Mfuniko ukifunuliwa ovyo, mvuke unakwenda na utamu wake. Nilijifunza kusikiliza badala ya kutazama: ukipalia makaa, chungu kwanza huchemka, kisha hunong'ona, kisha hunyamaza. Kikinyamaza, kimeiva.

Vibua vilikaangwa mwisho, mafuta kidogo, thomu na ndimu na pilipili iliyotwangwa imepakwa kwenye michanjo. Shangazi alikuna embe mbichi, akaikamua kwa chumvi. Ilikuwapo na chupa ya achari ya mbirimbi iliyofungwa kwa kitambaa. Hivyo tu.

Siku nyingine ilikuwa muhogo wa nazi, au mbaazi za nazi kwa boflo. Nazi ikikosekana tulipata chukuchuku, samaki, maji, ndimu na tungule moja, ambayo Ami aliipenda kuliko vyote. Na kuna jioni mvua ilizima moto mara mbili, Bibi akachoma shelisheli zima juu ya makaa yaliyosalia mpaka ganda likawa jeusi tii. Tulilibandua kwa vidole vinavyoungua, nyama yake ya ndani inatoa mvuke, tukalila na chai ya iliki.

Sasa njoo tukae. Mkeka umetandikwa uani kwa sababu ndani joto la kaskazi halivumiliki. Kandili imetundikwa kwenye msumari wa nguzo. Mwanzoni yalikuwa masinia mawili, la wanaume ukumbini na la wanawake uani, kama ilivyo desturi. Lakini mafuta ya taa nayo yalipanda bei, na usiku mmoja Ami alipokuja kuichukua kandili ili wao waone, sisi tukabaki gizani na samaki wenye miba. Bibi akasema: "Rejesha taa. Waite wenzako waje hapa. Wote ni wanangu." Walikuja. Mama alivuta mtandio wake vizuri kwa ajili ya shemeji yake, akasogea akampisha, na tangu usiku ule lilikuwa sinia moja. Watu tisa hawaenei kwenye sinia moja; ilibidi tukae ubavu ubavu, bega moja mbele, jingine nyuma, na wadogo wakapakatwa.

"Bismillahi," akasema Baba, na mikono ikaingia. Kila mtu alikula mbele yake. Samaki alikaa katikati na hakuna aliyemgusa, maana kumgawa ilikuwa kazi ya Bibi. Alimvunja kwa vidole vitatu, akatoa mwiba, akasukuma tonge la mnofu kwenye sehemu ya kila mtu, kwanza watoto, kisha wengine, akijua nani anapenda tumbo na nani anapenda karibu na mkia. Yeye alichukua kichwa. Nilidhani miaka yote kwamba Bibi anapenda kichwa.

Misikiti mingi haikuwa na vipaza sauti siku zile, na adhana ya Isha ilitufikia kwa koo tupu, ya karibu kwanza, kisha ya mbali, kisha nyingine mbali zaidi, na tulianza kuwatambua waadhini kwa sauti zao. Juu ya uwa kulikuwa na nyota ambazo sikuwahi kujua kwamba ziko juu ya Mji Mkongwe. Ami alikuwa na redio ya betri, akatuletea na habari za barazani Jaws Corner, watu wanavyozungumzia kukutana kwa Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif, mwezi wa Novemba, na kama kweli mambo yatatulia. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akisimulia, alisimulia foleni za mchele za utotoni mwake, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na muhogo walioula asubuhi, mchana na usiku. "Na nani alikuwa anaumenya?" akauliza Bibi. Baba akacheka, akamshika mkono, mkono wenye mseto.

Haikuwa raha tupu, nisikudanganye. Maji ya mfereji yalikauka kwa kuwa pampu hazina umeme, tukabeba ndoo kutoka kisima cha jirani, maji ya chumvichumvi yasiyotoa povu. Mbu walitula. Mama alikonda. Lakini mwishoni mwa Januari alimwomba Bibi chuma chake cha vitumbua, na kabla ya alfajiri, wakati seredani haina kazi, nilianza kuamka kwa harufu ya mchele uliochachuka na iliki. Dirisha la barafu likawa dirisha la vitumbua. Wale wale watoto wa chuoni walijipanga tena ukutani.

Maulidi ya Mfunguo Sita yalitukuta bado gizani, Februari. Uchochoro mzima ulichanga mchele na nyama, pilau likapikwa nje kwenye kuni, sufuria kubwa ambayo mtu aliweza kukaa ndani yake, na karabai mbili zikavuma pembeni mwa wasomaji.

Bibi alitutoka miaka michache baadaye. Mimi sasa napika kwa gesi, na choroko naweza kuzinunua zimeshabanduliwa maganda. Bado nafikicha mwenyewe, na bado husubiri chungu kinyamaze.

Usiku wa Machi umeme uliporudi kwetu, tulikuwa kwenye sinia. Ilikuwa mseto. Kwanza zilisikika kelele kutoka nyumba za mbele, kisha ukumbi wa juu ukawaka, kisha televisheni, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima miezi mitatu nyuma, ikaanza kusema peke yake kwa sauti kubwa. Binamu zangu walikuwa wa kwanza kuruka. Ami akawafuata, mkono hajanawa. Shangazi akaenda kuwatuliza wanawe, Baba akaenda kuangalia fyuzi, na Mama akapanda taratibu, tukasikia mlango wa friji ukifungwa, halafu mngurumo wake. Tulibaki watatu, na sinia lenye mashimo sita ya watu waliokuwepo. Mdogo wangu alikuwa bado anatafuna, macho kwenye ngazi, hajui aende au abaki. Nilisimama niizime kandili.

"Iache kwanza," Bibi akasema, akimsogezea mnofu. "Mtoto hajamaliza kula."