Kimeng'enya cha Mtu Ndani ya Bakteria

Elimu ya mwili wa mwanadamu ina deni kwa watu waliotoa damu yao ili wengine wajue. Deni hilo ni zito katika habari ya kimeng'enya kiitwacho G6PD.

Kimeng'enya ni protini ihimizayo badiliko la kikemia mwilini, nayo yenyewe isiishe kwa kazi yake. G6PD huibadili sukari katika seli, na kwa kazi hiyo huzalisha NADPH, kitu kiilindacho seli na madhara ya oksijeni. Seli nyingine zina njia zaidi ya moja za kukipata. Chembe nyekundu ya damu, isiyo na kiini wala mitokondria, inayo njia hii tu. Kimeng'enya kikipungua, chembe hupasuka mtu atumiapo baadhi ya dawa.

Ujuzi huu ulitoka gerezani. Tangu mwaka 1944, katika gereza la Stateville, Illinois, nchini Marekani, wafungwa waliambukizwa malaria wakapewa dawa zilizokuwa zikijaribiwa. Baadhi ya wafungwa weusi waliopewa primakwini walipungukiwa damu ghafla, na mwaka 1956 sababu ikajulikana kuwa ni upungufu wa G6PD. Wafungwa wale waliridhia. Lakini ridhaa ya mtu aliye nyuma ya makomeo haina uzito wa ridhaa ya mtu awezaye kufungua mlango akaenda zake. Leo watu wenye upungufu huo hukadiriwa kupita milioni 400. Faida ni ya wengi. Gharama ilikuwa ya wachache.

Mwaka 1986 wataalamu wa Napoli, Italia, pamoja na Lucio Luzzatto, ambaye miaka mingi baadaye alifundisha Muhimbili, Dar es Salaam, waliyasoma maelekezo ya jeni ya kimeng'enya hicho: mnyororo wa asidi za amino 515. Maelekezo yakisha kujulikana, yaweza kupandikizwa katika bakteria, naye akaunda protini ya mtu kana kwamba ni yake. Bakteria huyo ana G6PD ya asili yake. Kwa hiyo huchaguliwa aina iliyopoteza jeni hiyo, ili mgeni asichanganyike na mwenyeji. Kisha bakteria hupasuliwa, kimeng'enya kikachujwa, na nguvu yake ikapimwa kwa mwanga: NADPH hufyonza mwanga wa nanomita 340, na kasi ya kufyonza huonyesha bidii ya kimeng'enya.

Njia hii ilijibu swali lisiloweza kujibiwa na mwili wa mtu. Upungufu ulioenea Afrika una mabadiliko mawili katika mnyororo, mahali pa 68 na mahali pa 126. Watu wengi wana lile la 126 peke yake, wala hawadhuriki. Je, kosa lote ni la 68? Badiliko hilo halikuwa likionekana peke yake katika damu za watu. Mwaka 1992 watafiti walikiunda kimeng'enya chenye badiliko hilo tu ndani ya bakteria, wakakipima. Ikadhihirika kuwa upungufu huletwa na yote mawili pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena, mwaka 2018 watafiti wa Stanford walitangaza kemikali waliyoiita AG1, iliyokisaidia kimeng'enya kilichoharibika kufanya kazi vizuri zaidi. Utafutaji wake ulianza na vimeng'enya vya namna hii, bila mtu ye yote kumezeshwa kitu.

Hata hivyo, jawabu la chupani ni nusu ya jawabu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na kimeng'enya chake huchakaa kadiri inavyozeeka. Kimeng'enya cha chupani hakina uzee huo, hakina homa, wala hakina malaria. Mwisho wa utafiti bado ni mtu. Kilichobadilika ni mwanzo wake: palipokuwa na mfungwa pamewekwa chupa.

Lakini deni la Stateville halilipwi na chupa. Hulipwa mgonjwa wa malaria ya vivax, katika zahanati iliyo mbali na mji, apimwapo kimeng'enya chake kabla ya kupewa primakwini ya siku 14.