Wapatanishi wa Mbali

Vita vya Kagera vilitufikia Kyela kwa njia ya redio. Mto Kagera uko pembe moja ya nchi, na Songwe wetu uko pembe nyingine. Mtu atokaye bandari ya Itungi kwenda Mutukula hana budi kuikata Tanzania karibu yote. Kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba 1978, sisi tuliokuwa wanafunzi wa shule ya msingi tulikaa chini ya mwembe wa jirani mwenye redio, tukasikia kwamba majeshi ya Idi Amin yameingia katika ardhi yetu, yameua, yamepora ng'ombe na kuvunja daraja la Kyaka, na kwamba Amin ametangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda. Tukamsikia Rais Nyerere akisema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Wazee waliokuwa pale walinyamaza kwa muda mrefu. Mmoja wao, ambaye baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya Wazungu, aliuliza jambo moja tu: huko Kagera watu wanalima nini? Alipoambiwa kuwa wanalima migomba kama sisi, akainuka akaenda zake.

Wiki chache baadaye lori liliwachukua vijana wa mgambo, likapanda nao mlima wa Tukuyu kuelekea Mbeya. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa jirani yule mwenye redio. Kina mama walichanga mchele na kuku, na sisi tukachanga ndizi ambazo, kusema kweli, baadhi yake hatukuwa tumeziomba kwa wenyewe.

Tulidhani, kwa utoto wetu, kwamba Afrika nzima ingetuunga mkono. Tulikuwa tumefundishwa darasani kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa mwaka 1963, na kwamba mwaka uliofuata, huko Cairo, wakuu wa nchi walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Mwalimu wetu alilikariri azimio hilo kwa fahari, akipiga chaki ubaoni. Basi tukangoja azimio lifanye kazi. Zipo nchi ambazo hazikuumauma maneno: Zambia ilisema wazi kwamba aliyevamia ni Amin, na Msumbiji, ambayo yenyewe ilikuwa inashambuliwa na majeshi ya Rhodesia, ilifika hadi kututumia askari wake. Lakini wakubwa wengi wa bara hili waliamka asubuhi moja wakajikuta wamekuwa wapenda amani.

Hatujapata kuona mapenzi ya ghafla namna ile. Rais Jaafar Nimeiry wa Sudan, ambaye mwaka ule ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja, alizitaka pande zote mbili zisimamishe mapigano. Pande zote mbili! Maneno haya ni matamu sana katika kinywa cha mpatanishi, kwa sababu yanamwondolea taabu ya kutazama ni nani amelala juu ya kitanda cha nani. Amin mwenyewe alipoona askari wetu wanakusanyika, alitoa pendekezo kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi kwa kupigana ngumi ulingoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Watu walicheka, nasi tulicheka. Lakini tukilitazama leo, katika mapendekezo yote ya amani ya miezi ile hili ndilo pekee ambalo lingemlazimu mtoa pendekezo kupigwa yeye mwenyewe.

Tuwaombe wasomaji walihamishie jambo hili katika kijiji chochote cha Unyakyusa, ambako ng'ombe si mnyama tu bali ni mahari, ni mazishi, na ni heshima ya ukoo. Mwizi anaingia usiku zizini, anaua mchungaji, anaswaga ng'ombe, kisha anatangaza kwamba zizi nalo ni lake tangu enzi za babu yake. Asubuhi anafika mzee wa kijiji cha mbali. Hasalimii wafiwa. Anakaa juu ya kigoda katikati, anamtazama mwenye mali na mwizi kwa jicho lililo sawa, halafu anasema: "Wanangu, mnaniaibisha, acheni kugombana." Anamwomba mwenye mali aweke mkuki wake chini, kwani mkuki unahatarisha amani, mwizi hamwombi kitu, maana mikono yake imeshughulika kukamua. Watoto wa mwenye mali wanapoanza kufuata nyayo za ng'ombe, mzee yule anasimama kwa mara ya kwanza, kigoda kinaanguka, naye anapiga yowe mpaka ng'ambo ya mto: "Wamevuka mpaka! Wamevuka mpaka!" Katika kijiji chetu mzee wa namna hii hangepewa hata maji ya kunawa. Katika mikutano ya Afrika alipewa kiti cha mbele.

Wala hao hawakuwa wageni wa mwizi. Mwaka 1975 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kampala, wakamkabidhi Amin uenyekiti wa Umoja wao, ilhali maelfu ya Waganda walikuwa wamekwisha kuuawa tangu alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Tanzania, Zambia na Botswana hazikwenda. Waliokwenda walikula, wakapiga makofi, wakarudi makwao bila kusema neno juu ya amani, kwani wanaouawa na serikali yao wenyewe ni mambo ya ndani ya nchi. Na yuko Kanali Gaddafi wa Libya, mpatanishi wa aina ya peke yake: Machi 1979 alituletea ujumbe kwamba tuondoe majeshi yetu Uganda kwa muda wa saa 24, la sivyo Libya itaingia vitani, na wakati anatuandikia hivyo, askari wake walikuwa wamekwisha kupigana nasi Lukaya. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu.

Asije mtu akadhani kwamba sisi wa pwani ya Ziwa Nyasa tunapenda vita. Tunakaa mpakani, na mtu wa mpakani huijua bei ya vita mapema kuliko mtu wa mji mkuu. Ng'ambo ya Songwe kuna Wangonde, ambao lugha yao na yetu ni ndugu, tumeoana nao na tunazikana nao. Mto wenyewe hauna adabu. Mafuriko yakija huhama njia yake, na mtu aliyelala Tanzania huamka shamba lake likiwa Malawi. Mambo haya tumeyamaliza kwa mazungumzo vizazi na vizazi. Mwaka 1967 serikali yetu ilipoeleza kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa, Rais Banda alikataa, na mwaka 1968 akadai hata ardhi iliyo kaskazini ya Songwe, maana yake sisi wenyewe, migomba yetu na makaburi yetu. Tulikasirika, lakini hakuna aliyepanda lori kwenda vitani, kwa kuwa Banda alitoa maneno, na maneno hujibiwa kwa maneno. Shauri hilo lilipoamka tena mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta ziwani, lilipelekwa mbele ya wapatanishi walioongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, nasi tuliwashukuru, ingawa hawakuweza kulimaliza. Mpatanishi anayekuja kabla ya damu kumwagika ni mgeni wa heshima kwetu.

Tena, sauti kubwa kuliko zote zilizopata kuinuliwa kupinga vita katika upande huu wa Afrika ilitokana na vita vilivyopiganwa mlangoni petu. Septemba 1914 Wajerumani waliokuwa na makao yao Tukuyu, walikokuita Neu-Langenburg, walivuka Songwe, na tarehe 9 wakapambana na Waingereza huko Karonga. Waafrika walikufa pande zote mbili kwa ugomvi wa wafalme wasiowahi kuwaona. Habari zilipofika kusini ya Nyasaland, mchungaji John Chilembwe wa Chiradzulu aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times, Novemba mwaka ule, akauliza kwa nini Mwafrika aitwe kufa katika vita visivyomhusu, hali hana sehemu katika faida zake. Matajiri, wenye mashamba na wenye maduka ndio waende wakapigane. Serikali ikaizuia barua. Januari 1915 Chilembwe akaongoza maasi, na tarehe 3 Februari akapigwa risasi akafa. Waweza kuyabishia maasi yake, kwani damu ilimwagika humo pia; lakini huwezi kusema kwamba mtu huyu alihubiri amani akiwa kivulini. Aliwahesabu waliokufa, akauliza nani aliwatuma, kisha naye akalipa. Ukimweka Chilembwe upande huu na Nimeiry upande ule, utaona kwamba neno "amani" ni kama mtumbwi: twapaswa kutazama nani anapiga kasia na nani amekaa tu.

Na haki inatudai tukiri jambo. Waliouliza kama ilikuwa halali kwetu kupita Mutukula na kufika Kampala waliuliza swali zito, na Mkataba wa Umoja uliwapa msingi wa kuuliza. Ni kweli pia kwamba Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda waliondoka katika ardhi yetu kwenda kumshambulia Amin, wakashindwa, hata ikabidi tutie sahihi mapatano ya Mogadishu. Na askari wetu, waliokuwa wameiona Kagera ilivyotendwa, waliubomoa mji wa Mutukula, na sehemu kubwa ya Masaka wakaigeuza kifusi. Raia walikufa humo ambao hawakuwa wamemwibia mtu ng'ombe. Hapo ndipo mpinga vita wa kweli angesimama atuaibishe, nasi tungestahili aibu hiyo. Lakini sisi hatukumbuki wapatanishi wetu wakiililia Masaka. Walililia mpaka.

Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Julai mwaka ule wakuu wa Afrika walikutana Monrovia, na Nimeiry, na pamoja naye Jenerali Obasanjo wa Nigeria, wakailaumu Tanzania mbele ya mkutano kwa kuivamia nchi mwanachama. Godfrey Binaisa, Rais mpya wa Uganda, alikuwapo kuitetea Tanzania.

Julai, Kyela huwa ni wakati wa kuanika mpunga. Tulikuwa chini ya mwembe uleule, na redio ikitoa habari za Monrovia. Mwenye nyumba hakuwapo. Mkewe alikuwa anageuza mpunga juu ya mikeka kwa miguu, taratibu, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu. Mtoto wao alikuwa hajarudi katika lori lolote, na barua ilikuwa imekwisha kuja. Alisimama kidogo akasikiliza.

"Huyo anayesema," akauliza, "anatoka wapi?"

Tukamwambia anatoka Sudan.

"Ni mbali?"

Tukamwambia ni mbali sana, mama, kupita Uganda.

Akaitikia kwa kichwa, akatuambia tupunguze sauti ya redio, tufukuze na kuku, maana walikuwa wamekwisha kuingia mpungani.