Mlango wa Lamu Katika Milima ya Chai

Nilizaliwa Lamu, katika nyumba ambayo mlango wake ulichongwa kabla babu yangu hajazaliwa. Sikudhani kwamba siku moja ningeunda mlango kama huo kwa maboksi, huko Nyaramba, katika milima ya chai ya Nyamira, nilikokuwa nikisomea ualimu.

Chuo kilikuwa kikiandaa mchezo wa kuigiza ambao kisa chake kilikuwa cha pwani. Sikutaka kupanda jukwaani. Niliomba kazi ya nyuma ya pazia. Wenzangu walistaajabu kumwona msichana wa buibui ameshika nyundo, lakini siku ya tatu wao ndio walioniuliza msumari upi unafaa.

Kiunzi tulikiunda kwa fito nyepesi za mkaratusi, kwa kuwa mandhari yote husimamishwa na kuondolewa kwa dakika chache tu. Juu yake tuligandisha maboksi kwa uji wa unga wa ngano. Kisha tukachemsha majani ya chai, ambayo Nyaramba haiyakosi, hadi maji yakawa meusi. Tukayapaka, na maboksi yakashika rangi ya mti wa kale.

Ndipo mkufunzi wetu aliponiletea picha ya mlango wa Unguja ulioandikwa aya ya Qur'ani kwa juu, akataka tuinakili. Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilijua safari ya kipande kile: kingelazwa sakafuni, kingekanyagwa, kingerushwa ndani ya lori, na mwisho kingetiwa mekoni. Lakini nilimwogopa mkufunzi, tena sikutaka kuonekana mkosa shukrani.

Asubuhi nilimweleza kwa upole: "Mwalimu, maneno haya kwetu hatuyashiki bila udhu, sembuse kuyakanyaga." Alinyamaza, kisha akasema: "Mbona hukuniambia jana?" Akaniachia nipambe nipendavyo. Nikaweka mfaa katikati, na pembeni minyororo na mawaridi, mapambo ya milango yetu tangu zamani.

Hatukushinda. Nilipomwonyesha mama picha, aliuliza jambo moja tu: "Na aya, mwanangu, mliiweka wapi?" Nikamjibu: "Kifuani, mama." Akatabasamu.

Wazazi wenzangu, tunapowapeleka mabinti zetu mbali, tusiwafungashie hofu peke yake. Tuwafunze kuieleza dini yao kwa ulimi mwema. Mara nyingi asiyejua hangoji ila kuambiwa.